UZI MAALUMU: China na ahadi ya 2060, tufuatilie kwa hesabu ya makaa ya mawe

Septemba 2020

Wakuu, habari za jioni.

Tarehe 22 mwezi huu Rais Xi Jinping amezungumza kwa video kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, na katikati ya hotuba ametoa ahadi mbili. Hewa ukaa inayotoka China ifike kilele kabla ya 2030 kisha ianze kushuka, na kabla ya 2060 nchi iwe haiongezi kitu angani, yaani kitakachobaki kutoka kifyonzwe chote. Hapa tunazungumzia nchi inayotoa zaidi ya robo ya hewa ukaa ya dunia nzima. Nimeona nianzishe uzi huu ili tuifuatilie ahadi hii pamoja, na nitakuwa nauhuisha kila nikipata takwimu za kueleweka.

Niseme kwanza kwa nini jambo hili linanigusa. Nilisoma uhandisi wa umeme Lanzhou, mkoa wa Gansu, kuanzia 2014 hadi 2018. Sasa nipo Tabora, nafunga sola. Baridi ya Lanzhou aliyewahi kuishi kule ataielewa: Novemba mosi mabomba ya joto yanafunguliwa mji mzima, na asubuhi yake ukifungua dirisha unakutana na harufu ya makaa. Nilikuwa nafua shati leo, kesho kola nyeusi.

Januari 2016 nilipanda treni kwenda Dunhuang. Ukitoka Lanzhou kuelekea magharibi, kushoto una milima ya Qilian na theluji yake, kulia jangwa la changarawe. Mkifika pande za Guazhou, karibu na Jiuquan, mitambo ya upepo inaanza, nusu saa nzima bado unaipita tu. Siku ile upepo ulikuwa mkali, vumbi linakimbia chini sambamba na treni. Mitambo mingi ilikuwa imesimama. Mapanga yamegeuzwa yasishike upepo, meupe, safi kabisa. Nilianza kuhesabu dirishani, na katika kila kumi iliyokuwa inazunguka haikuzidi mitano. Nikamuuliza mzee niliyekaa naye, mwenyeji wa kule. Akanijibu kwa kifupi tu kwamba umeme wake hauna mnunuzi.

Niliporudi chuoni niliuliza mpaka nikaelewa. Gansu yenyewe haina viwanda vya kutosha kuumaliza umeme ule. Njia kubwa za kuupeleka mashariki kwenye miji mikubwa zilikuwa hazijakamilika. Halafu wakati wa baridi mitambo ya makaa haiwezi kuzimwa, kwa sababu mvuke wake ndio unaopasha nyumba joto. Juu ya yote hayo, kila mtambo wa makaa ulikuwa umepangiwa saa zake za kuzalisha kwa mwaka, na zile saa lazima uzipate. Upepo ukija unakuta kiti kina mtu. Mwaka huo wa 2016 Gansu ilitupa 43% ya umeme wa upepo ambao ingeweza kuzalisha. Sijakosea kuandika, 43%.

Kwa hiyo uzi huu hautashangilia idadi ya paneli wala mitambo. Tutauliza swali moja kila mwaka: mahitaji ya umeme yameongezeka kiasi gani, na umeme safi *uliozalishwa* umeongezeka kiasi gani? Cha kwanza kikizidi cha pili, pengo linazibwa na makaa. Cha pili kikizidi, makaa yanaanza kupungua.

Karibuni.

Oktoba 2021

Wakuu, mwaka umepita na mengi yametokea, mazuri na mabaya.

Desemba iliyopita waliongeza lengo: upepo na jua vifikie gigawati 1,200 ifikapo 2030 (gigawati moja ni megawati 1,000). Mwishoni mwa 2020 walikuwa na takribani 530. Tarehe 16 Julai mwaka huu wakafungua soko la hewa ukaa Shanghai, yaani kampuni zinauziana vibali vya kutoa hewa ukaa, wakianza na kampuni za umeme zaidi ya 2,000, na bei ya kuanzia ilikuwa yuani 48 kwa tani. Kuna wanaoliita soko kubwa kuliko yote duniani, na kwa tani zinazohusika ni kweli. Ila vibali vinatolewa bure, na havina ukomo wa jumla. Mtambo unapimwa kwa hewa ukaa inayotoka kwa kila uniti, kwa hiyo ukizalisha zaidi unapata vibali zaidi. Soko la namna hii linamsukuma mwenye mtambo mkongwe autengeneze. Halimsukumi aache makaa.

Kisha umeme ukakatika. Mwisho wa Septemba mikoa ya kaskazini mashariki, Liaoning, Jilin na Heilongjiang, ilikatiwa hadi majumbani. Shenyang taa za barabarani zilizimika. Sababu ni ya kibiashara kabisa: bei ya makaa ilipaa, bei ya umeme imefungwa na serikali, hivyo kila uniti mtambo unayozalisha ni hasara. Nani atawasha mtambo ili apate hasara? Mwezi huu wameruhusu bei ya umeme wa makaa ipande au ishuke hadi 20%, na migodi imeamriwa ichimbe zaidi.

Naomba tulikumbuke tukio hili, maana naamini litaongoza maamuzi yao kwa miaka mingi. Kiongozi aliyeona taa zimezimika Oktoba hawezi kukuelewa ukimwambia afunge mtambo wa makaa Novemba.

> *Mdau ameandika: "Mkuu, hayo ya China yanatuhusu nini sisi wa pwani?"*

Yanatuhusu, ndugu yangu, tena sana. Muulize mtu wa Lamu. Kule Kwasasi palipangwa mtambo wa makaa wa megawati 1,050 kwa fedha kutoka China. Wavuvi na wakazi wakaenda kwenye baraza la mazingira la Kenya, na Juni 2019 kibali kikafutwa kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata ICBC, benki ya China, ikajitoa. Tarehe 21 Septemba mwaka huu Xi ametangaza China haitajenga mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Wale wazee wa Lamu waliokuwa wakiambiwa wanapinga maendeleo walikuwa wameona mbali.

Agosti 2022

Uhuisho mfupi, nimechoka na nina huzuni.

Sichuan mito imekauka. Mkoa ule unategemea maji kwa takribani 80% ya umeme wake, na mvua za bonde la Yangtze msimu huu ni ndogo kuliko zote tangu waanze kuweka kumbukumbu 1961. Beibei, kule Chongqing, imepiga nyuzi 45. Viwanda vya Sichuan vimefungwa tangu tarehe 15 ili majumbani wapate umeme wa viyoyozi. Shanghai, inayopokea umeme wa kule, imezima taa za mapambo kando ya mto kwa siku mbili.

Kuna jambo la kuumiza humu. Mabwawa ndiyo yaliyokuwa fahari yao: Three Gorges gigawati 22.5, Baihetan inayokaribia kukamilika gigawati 16, na kila mashine yake moja ina gigawati nzima. Mabadiliko ya tabianchi yamepiga pale pale kwenye umeme safi. Na jibu la haraka litakuwa makaa. Tutaona.

Machi 2023

Tumeona. Vibali vya mitambo mipya ya makaa vilivyotolewa 2022 vimefika gigawati 106, sawa na mitambo miwili mikubwa kila wiki. Mdau mmoja ameniandikia faragha kwamba uzi ufungwe, ahadi imekufa. Sikubali, na sababu yangu ni hii: kujenga mtambo na kuchoma makaa ni vitu viwili tofauti. Mtambo unaokaa tayari na kuwashwa jioni za joto tu unachoma kidogo. Hatari ipo, siikatai. Mwenye mtambo ana mkopo wa kulipa, ana wafanyakazi, na mkoa wake unataka kodi, kwa hiyo atapigania saa zake za kuzalisha kama walivyopigania wenzake wa Gansu. Ndiyo maana nasisitiza tuangalie tani, siyo majengo.

Agosti 2024

Wakuu! Lengo la 2030 limetimia. Mwisho wa Julai upepo na jua vimefika gigawati 1,206. Miaka sita kabla ya wakati.

Nimefurahi, na nitaeleza pia kwa nini sijashangilia kwa sauti kubwa. Gigawati moja ya sola kule inazalisha sawa na saa kama 1,200 za nguvu kamili kwa mwaka. Upepo kama 2,100. Makaa kama 4,600. Maana yake gigawati nne za jua ndiyo kama gigawati moja ya makaa. Kila mteja wangu hapa Tabora namweleza hivyo hivyo: paneli ya wati 550 haikupi wati 550 usiku.

Na mahitaji yao yanakua kwa kasi ya kutisha. Viyoyozi, viwanda, magari. Mwezi uliopita zaidi ya nusu ya magari madogo yaliyouzwa kwa wanunuzi wa kawaida yalikuwa ya umeme mtupu au ya kuchaji yenye injini ya akiba. Shenzhen walishabadili mabasi yao yote, zaidi ya 16,000, tangu mwisho wa 2017. Gari likiacha petroli ni jambo jema, ila umeme wake utoke mahali.

Mliotaka picha ya jambo linaloendelea vizuri, niwape moja niliyoiona mwenyewe. Mwaka 2017 nilikwenda Gonghe, Qinghai, mita kama 3,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Talatan ulikuwa unakuwa jangwa. Wakatandaza paneli. Paneli zinapunguza upepo ardhini, zinatia kivuli, na maji ya kuzioshea yanadondoka chini, basi majani yakaota mpaka yakaanza kuziba paneli za chini. Wakaita wafugaji walete kondoo. Niliwaona kwa macho yangu, wamejikunja kwenye kivuli chini ya safu za paneli, wengine wanajikuna mgongo kwenye vyuma vya kushikilia. Wenyewe wanawaita kondoo wa sola. Baadaye wakaanza kuinua paneli juu zaidi ili kondoo wapite bila kuinama. Jirani yake kuna bwawa la Longyangxia: wingu likifunika jua, maji yanafunguliwa kufidia, jua likirudi maji yanatunzwa. Mhandisi ukisimama pale unaelewa kwamba jambo hili linawezekana.

> *Mdau wa Lubumbashi ameuliza: "Na kobalti yetu? Magari hayo yanaenda kwa jasho la Kolwezi."*

Ndugu, swali lako ni la haki na sitalipita. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, madini ya kutengenezea betri, na sehemu kubwa inasafishwa China. Mchimbaji anayeshuka kwenye shimo kwa kamba hayumo kwenye hesabu yoyote ya hewa ukaa, na hilo ni kosa la hesabu zenyewe. Ulijue na hili: zaidi ya nusu ya betri za magari kule sasa ni za chuma na fosfeti, hazina kobalti kabisa. Ni habari njema kwa bei ya gari, na kwa Kolwezi ni jambo la kufikiriwa mapema.

Februari 2025

Hesabu ya 2024 imefungwa. Matumizi ya umeme yamefika uniti trilioni 9.85, ongezeko la 6.8%. Ongezeko hilo peke yake, takribani uniti bilioni 630, linazidi umeme wote unaotumika Ujerumani kwa mwaka mzima. Umeme safi umeziba zaidi ya robo tatu ya ongezeko hilo, kwa gigawati 277 za jua na karibu 80 za upepo walizofunga ndani ya mwaka mmoja. Pengo lililobaki ni dogo, lakini bado limezibwa na makaa na gesi. Na mwaka huo huo wameanza kujenga mitambo ya makaa ya gigawati 94.5, kiasi ambacho hakijaonekana tangu 2015.

Badiliko moja halikusikika sana: tangu Januari 2024 mitambo ya makaa inalipwa kwa kuwa tayari tu, hata isipozalisha. Wengine wanaiita zawadi kwa makaa. Mimi nasema ilihitajika. Ukitaka mtu aondoke kwenye kiti, mpe namna ya kulipa deni lake bila kukikalia.

Juni 2025

Wakuu, niliisubiri siku hii tangu nianzishe uzi.

Uchambuzi wa kituo cha utafiti cha CREA unaonyesha hewa ukaa ya China imeshuka 1.6% robo ya kwanza ya mwaka huu, na 1% ukichukua miezi 12 kwa pamoja. Iliwahi kushuka zamani, ila kwa sababu uchumi uliyumba au watu walifungiwa ndani. Safari hii mahitaji ya umeme yamepanda na bado hewa ukaa imeshuka, kwa sababu umeme safi umeongezeka kuliko mahitaji. Ile hesabu yetu ya 2020 imegeuka upande wa pili.

Mei nayo imevunja rekodi: gigawati 93 za sola kwa mwezi mmoja. Bwawa letu la Julius Nyerere lina megawati 2,115. Wenzetu wamefunga kiasi cha mara 44 ya hapo kwa siku 31, japo kumbukeni hesabu ya saa niliyoitoa juu. Sasa sola peke yake imepita gigawati 1,000. Lakini haraka ile ilikuwa na sababu. Kuanzia Juni mosi mradi mpya hauhakikishiwi tena bei, unauza sokoni, hivyo kila mtu alikimbiza mradi wake uwahi tarehe 31 Mei. Msishangae miezi ijayo ikishuka vibaya.

Bei ya paneli nayo imeporomoka, kiwandani ni kama senti 10 za dola kwa wati. Wateja wangu wananufaika, nami nanufaika. Ila viwanda kule vinauziana kwa hasara na watu wanapunguzwa kazi, na ni vijana niliosoma nao.

Oktoba 2025

Tarehe 24 Septemba wametoa lengo la 2035. Hewa ukaa na gesijoto nyingine zipungue 7% hadi 10% kutoka kilele. Upepo na jua vifike gigawati 3,600. Nishati isiyotokana na makaa, mafuta wala gesi ipite 30%.

Nitasema wazi: nimevunjika moyo na ile 7% hadi 10%. Ni mara ya kwanza wanaahidi kupunguza kwa tani, zamani walikuwa wanaahidi kwa uwiano na pato la taifa, kwa hiyo ni hatua. Lakini angalieni gigawati. Hivi sasa wana karibu 1,700. Kufika 3,600 kwa miaka kumi ni kama 190 kwa mwaka, na mwaka jana pekee walifunga zaidi ya 350. Wameahidi kwenda polepole kuliko wanavyokwenda sasa. Isitoshe hawajasema kilele chenyewe ni mwaka gani, na mkoa unaojua utapimwa kuanzia kilele una kila sababu ya kutaka kilele kiwe juu.

Tena kuna mahali makaa yanaongezeka bila kupita kwenye umeme hata kidogo: viwanda vya kemikali vya Mongolia ya Ndani na Xinjiang vinavyogeuza makaa kuwa plastiki na mafuta. Saruji na chuma vimeshuka kwa sababu ujenzi wa nyumba umedorora, na hilo limesaidia hesabu. Viwanda vya kemikali vinaifuta nafuu hiyo kimya kimya.

Jambo la mwisho kwa leo. Nina rafiki niliyesoma naye, yuko Guazhou. Njia kubwa ya umeme kutoka Jiuquan hadi Hunan ilianza kazi 2017, kilomita 2,383, msongo wa kilovoti 800, na upotevu wa Gansu, yaani umeme wa upepo unaotupwa, ukaporomoka mpaka 2019 ukawa chini ya 8%. Wiki iliyopita nikamwomba anirekodie video ya mitambo ile ile niliyoiona kwenye treni. Akaituma. Ni asubuhi, inazunguka yote, nimeirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Nikamuuliza, siku hizi haisimami tena? Akajibu inasimama, ila sasa ni mchana, saa sita mpaka saa tisa, jua likiwa kali na sola imejaza gridi. Betri kubwa zinafungwa kwa kasi, katikati ya mwaka huu nchi nzima ilikuwa na karibu gigawati 95, lakini hazijatosha kuumeza umeme wa mchana na kuutoa jioni. Upotevu umeanza kupanda tena.

Kwa hiyo kuanzia sasa naongeza safu ya pili kwenye hesabu yetu: umeme safi unaotupwa mchana. Takwimu za robo ya nne zikitoka nitaziweka hapa hapa. Mwenye kusoma Kichina na kufuatilia ripoti za kila mwezi za Idara ya Nishati yao, naomba tusaidiane, peke yangu nachelewa.